Kadi Ilale Pakavu: Mafunzo Niliyopata Kilosa na Mikumi

Masika yale mto Mkondoa ulikuwa umefura na mji mzima wa Kilosa ulinuka tope. Bahasha ya kadi za damu kavu kutoka zahanati moja ya bondeni ilitufikia ikiwa imechelewa siku tisa, maana barabara ilikuwa haipitiki. Niliifungua juu ya meza ya maabara. Ndani mlikuwa na kadi 14, majina yameandikwa kwa mwandiko wa kusomeka, zote zimefungwa pamoja kwa mpira. Hapakuwa na kifuko hata kimoja cha silika ya kunyonya unyevu. Madoa mengi yalikuwa yamezungukwa na pete hafifu yenye rangi ya chai. Kadi mbili zilikuwa zimegandana, na nilipozitenganisha nikaona utando wa kijivu, mwembamba kama vumbi la unga wa mahindi. Zilikuwa zimeota ukungu.

Moja ya kadi hizo mbili ilikuwa ya mtoto wa wiki sita. Mama yake alitoka alfajiri na mwanawe mgongoni, akapanda bodaboda mpaka pale njia iliposhindikana, kisha akatembea. Ilibidi tumwite tena. Alipofika hakulalamika. Alimfunua mtoto mguu, akageuza uso pembeni, akasema, "Mtoboe tu daktari, ila safari hii iwe ya mwisho."

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, lakini kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa hivyo. Neno la mama yule limenifuata miaka yote niliyofanya kazi kati ya Kilosa na Mikumi. Ndilo lililonisukuma kusoma kila nilichokipata kuhusu yanayotokea ndani ya damu ikishakauka kwenye karatasi. Haya ndiyo niliyojifunza, mengine vitabuni, mengine kwa kuona kadi zikiharibika mikononi mwetu.

1. Kukauka si kutulia

Nilipoanza kazi niliamini kwamba damu ikishakauka imekwisha kutulia, kama wino. Imani hiyo ilitokana na kipimo tulichokifanya zaidi. Kadi zetu nyingi zilikuwa za watoto waliozaliwa na mama wenye VVU, na kinachotafutwa humo ni vinasaba vya kirusi. Vinasaba vikikauka vizuri huvumilia mengi, na mashine ya PCR ikipata vipande vichache tu huvizidisha mara mamilioni. Kipimo cha namna hiyo husamehe uzembe mwingi wa kabatini.

Kipimo cha selimundu nacho husamehe kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Uganda walichapisha matokeo ya kadi 97,631 zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya VVU, wakazipima upya kutafuta selimundu: asilimia 13.3 ya watoto walikuwa wamebeba kinasaba chake na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa upande wetu kazi kama hiyo ilifanyika Mwanza, hospitali ya Bugando, kwa kadi zaidi ya 17,000 za Kanda ya Ziwa, na takriban mtoto 1 kati ya 5 alionekana kubeba kinasaba hicho. Kazi zote mbili ziliwezekana kwa sababu hemoglobini hukaa kwenye karatasi muda wa kutosha. Hata hivyo nayo huzeeka. Kadi iliyolala sana huonyesha mistari ya ziada, hafifu, na msomaji wa matokeo hulazimika kukodoa macho.

Metaboliti ni habari nyingine kabisa. Hivi ni vitu vidogo vidogo ambavyo mwili huvitengeneza na kuvitumia unapogeuza chakula kuwa nguvu: asidi amino, sukari, mafuta yaliyofungashwa tayari kuchomwa. Ukitaka kujua kama mtoto amezaliwa na kasoro ya kusaga protini au mafuta, hupimi kama kitu kipo au hakipo, unapima kipo kiasi gani. Hapo ndipo kabati, droo na buti la gari vinapoingia kwenye jibu.

Na karatasi hii yenyewe ilianza kwa metaboliti. Robert Guthrie wa Buffalo, New York, ambaye mwanawe alikuwa na ulemavu wa akili, ndiye aliyeanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kukusanya tone la kisigino kwenye karatasi chujio ili kupima fenilalanini, na makala yake maarufu ilitoka mwaka 1963. Mtoto mwenye fenilketonuria, yaani asiyeweza kuisaga fenilalanini, akigundulika siku za mwanzo, akawekwa kwenye mlo wake maalumu, akili yake hunusurika. Guthrie alibahatika kuanza na fenilalanini, moja ya asidi amino zinazostahimili. Miaka ya 1990 zilipokuja spektrometa za masi, maabara za nchi tajiri zikaanza kupima metaboliti kwa makumi kutoka kitobo kimoja cha milimita 3, ambacho ndani yake mna mikrolita 3 tu za damu, na nyingi kati ya hizo ni laini kuliko fenilalanini.

Sisi hatujawa na mpango wa kitaifa wa kumchunguza kila mtoto maradhi hayo. Tumejifunzia kwenye kadi za VVU, na mikono yetu imezoea vipimo vinavyosamehe. Hilo ndilo linalonipa hofu, kwa sababu siku mpango huo utakapokuja, utazikuta tabia zetu za zamani bado zimo kabatini.

2. Unyevu huharibu kuliko joto

Nilidhani adui wetu ni joto. Kila semina ilisisitiza ubaridi, na kila aliyesikia neno sampuli aliwaza friji. Jibu nililipata kwenye kipande cha karatasi kisichozidi kidole gumba: kadi ya kuonyesha unyevu. Ina miduara mitatu iliyoandikwa 30, 40 na 50. Hewa ikiwa kavu miduara huwa ya bluu, unyevu ukipanda hugeuka waridi mmoja baada ya mwingine.

Mwezi Aprili, Kilosa, niliiweka moja kwenye droo ya mbao tuliyokuwa tukihifadhia kadi, saa kumi na nusu jioni. Asubuhi yake miduara yote mitatu ilikuwa waridi. Mji ule umekaa bondeni, mto uko karibu, na wakati wa masika hata chumvi mezani hugeuka maji. Kadi ya pili niliitia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga mdomo pamoja na vifuko viwili vya silika, nikauweka kwenye droo ileile. Wiki nzima ilibaki bluu. Chumba ni kimoja na joto ni lilelile, tofauti ilikuwa ndani ya mfuko.

Baadaye nikasoma kazi ya wataalamu wa Atlanta, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2011. Waliweka madoa ya damu kwenye nyuzi 37 kwa takriban mwezi mmoja, mengine kwenye hewa yenye unyevu chini ya asilimia 30, mengine juu ya asilimia 50, kisha wakapima viashiria 34 vinavyotumika kuwachunguza watoto wachanga. Hasara kubwa ilisababishwa na unyevu. Nyuzi 37 ni joto tunalolijua sisi, na lilipokuwa na ukavu halikufanya uharibifu nilioutarajia.

Sababu yake nitaieleza kwa mfano wa sokoni. Karnitini ni mpagazi. Kazi yake ni kubeba mafuta na kuyaingiza kwenye mitokondria, jiko la seli, yakachomwe. Mzigo huwa umefungwa mgongoni mwake kwa kifundo cha kikemia kiitwacho esta, na kinachokifungua kifundo hicho ni maji. Karatasi chujio ni pamba, nayo hunywa unyevu wa hewani hata kama mkono wako hauusikii. Kadri siku zinavyopita vifundo hufunguka, mizigo huanguka, wapagazi hubaki mikono mitupu. Mashine haijui historia hiyo. Inahesabu wapagazi wenye mizigo na wasio nayo, kisha inatoa jibu.

Sasa mchukue mtoto aliyezaliwa na kasoro ya kutochoma mafuta ya mnyororo wa kati. Dalili yake ni wapagazi wengi mno wenye mzigo wa kaboni 8. Kadi ikilala kwenye unyevu wingi huo hupungua, na mtoto mgonjwa anaweza kupita kama mzima. Mtoto mwingine amezaliwa na upungufu wa karnitini, na dalili yake ni uchache wa wapagazi wasio na mzigo. Unyevu huwaongeza haohao, naye pia hupita. Anarudi nyumbani, anaugua homa siku moja, anakataa kunyonya, sukari inashuka, na hakuna anayejua kilichompata.

Vimeng'enya hukosea kwa upande wa pili. Kuna biotinidasi, kuna kile kinachopimwa kutafuta galaktosemia, na kuna G6PD, ambayo upungufu wake umeenea katika nchi za malaria kama yetu. Hapa kinachopimwa ni utendaji wa kimeng'enya, na kimeng'enya hufa kwa unyevu na joto vikikutana. Kadi iliyoharibika husema mtoto hana G6PD kumbe anayo. Mzazi anaambiwa mwanao ana tatizo la kuzaliwa, usiku halali, anatafuta nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, na chanzo cha yote ni droo yenye unyevu.

Kwa hiyo droo hiyohiyo moja huweza kumficha mgonjwa na kumsingizia mzima. Nilipolielewa hili niliacha kuuliza kama kadi imeharibika au haijaharibika. Nauliza imeharibikia upande gani.

3. Muda wa saa tatu haukopesheki

Damu mbichi ikifungiwa kwenye mfuko hufungiwa na maji yake, na hapo silika yote ya duniani haitoshi. Kadi inatakiwa ikauke kwenye hewa ya chumba, imelala, pasipo jua, muda wa saa tatu au nne. Wakati wa masika mimi huiacha mpaka kesho yake.

Somo hili nilifundishwa na sista mmoja wa makamo huko upande wa Mikumi. Nilifika kituoni kwake nikamkuta ameweka madaftari mawili ya rejesta mezani, ameacha nafasi katikati, na juu yake amelaza kadi kama madaraja, miduara ya damu ikielea bila kugusa chochote. Miguu minne ya meza ilikuwa imesimama ndani ya makopo ya maziwa yenye maji.

"Shikamoo sista. Haya makopo ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Sisimizi. Mwaka jana walikula watoto watatu."

Alimaanisha kadi tatu, lakini ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyozitazama kadi zile. Alinionyesha jinsi anavyotoboa pembeni mwa kisigino baada ya kukipasha kwa kitambaa cha uvuguvugu, anavyolifuta tone la kwanza, na anavyosubiri tone kubwa lijae mduara kwa mguso mmoja. Ukidondosha tone juu ya tone, doa huwa nene katikati, pembeni jembamba, na kitobo cha milimita 3 hutoa hesabu tofauti kutegemea umetoboa wapi. Alinionya pia juu ya wanaoanika kadi dirishani juani au kuzisogeza karibu na jiko la mkaa ili wawahi gari. Kadi hukauka upesi, ndiyo, na vimeng'enya hufa upesi vilevile.

Sijaona chumba cha kukaushia kilichopangwa vizuri kuliko meza ile, na nimetembelea maabara zenye viyoyozi.

4. Friji hutoa jasho

Chukua chupa ya soda kwenye friji, iweke mezani Kilosa saa saba mchana. Kabla hujaifungua imeshalowa. Mfuko wa kadi hufanya vivyo hivyo.

Nilikuwa nikizitoa kadi kwenye friza, nafungua mfuko papo hapo, nachukua ninayoitaka, nazirudisha zilizobaki. Kila nilipofanya hivyo hewa ya chumbani iliingia na kuacha maji yake juu ya karatasi baridi. Kadi zilizokuwa kavu zikapata unyevu kwa mkono wangu mwenyewe. Siku hizi mfuko unakaa mezani umefungwa mpaka upoteze ubaridi wake, na kadi nimezigawa kwenye mifuko midogo midogo ili anayetafuta moja asizifunue hamsini.

Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ndiyo mahali bora pa kukaa muda mrefu, mradi mfuko umefungwa na silika imo. Denmark wamehifadhi kadi za watoto wao kwa ubaridi huo tangu mwaka 1982. Lakini friza inayozimika kila umeme unapokatika, huku mfuko haujafungwa sawasawa, ni mbaya kuliko kabati kavu. Hili husemwa kwa nadra, na vituo vingi bado huona fahari kuionyesha friza bila kuuliza imewaka saa ngapi kwa siku.

5. Safari nayo ni ghala

Tulikuwa tunahesabu siku za kuhifadhi kuanzia kadi ilipoingia maabara. Lakini kadi huanza kuhifadhiwa pale kisigino kinapoachwa, na sehemu kubwa ya maisha yake huishia njiani: droo ya zahanati, mkoba wa mhudumu, bodaboda, buti la basi, kaunta ya vifurushi.

Njia ya Kilosa kwenda Mikumi kwa kupitia kijiji cha Ulaya nimeipita kiangazi na nimeipita masika, na ni kama njia mbili tofauti. Kiangazi ni vumbi na joto. Gari likisimama Mikumi mjini juani vioo vimefungwa, dashibodi hupita nyuzi 50 kwa urahisi, na pale juu ya dashibodi ndipo dereva mwema huiweka bahasha ya hospitali asiisahau. Masika ni maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia mjini, familia nyingi zikahamia kwenye mahema na reli ya kati ikakatika. Mtu akipanga mpango wa sampuli Dar es Salaam au Dodoma kwa kudhani kila bahasha itafika baada ya siku mbili, ajue kwamba Kilosa kuna miaka ambayo hata treni haifiki.

Kwa hiyo bahasha zetu tulizibadilisha kwanza. Kila kadi imetenganishwa na mwenzake kwa karatasi laini isiyopitisha damu, ndani ya mfuko wa kufunga mdomo, silika humo humo, na kadi ya unyevu imegeuziwa nje ili isomeke bila kufungua. Juu ya mfuko tumeandika kwa kalamu nene: TIA CHINI YA KITI, SI JUU YA DASHIBODI. Madereva wameitii kuliko waraka wowote.

Ila hata bahasha nzuri haisimamishi saa. Methionini huendelea kuoksidika polepole kwa hewa tu, hata mfuko uwe mkavu kiasi gani. Uhifadhi bora kuliko wote ni ule mfupi, na katika kuwachunguza watoto wachanga ufupi huo una maana ya uhai. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kinga kwa watoto wadogo wenye selimundu ilipunguza maambukizi makali ya nyumokoka kwa asilimia 84. Dar es Salaam, katika hospitali za Muhimbili na Temeke, karibu watoto 4,000 walichunguzwa selimundu kati ya mwaka 2015 na 2016, na ikadhihirika kwamba kazi hiyo inawezekana kwetu. Mtoto wa huku kwetu Masanze au Kidodi anaistahili penisilini hiyo kwa wakati uleule na mtoto wa Temeke. Kwa maradhi ya metaboli muda ni mfupi zaidi, kwani baadhi huua ndani ya wiki mbili za kwanza za maisha.

6. Silika huchoka

Kifuko kilichojaa maji hakinyonyi tena, na kwa sura hakina tofauti na kipya. Nunueni zile punje zenye rangi ya kuonyesha, za chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Punje hizo hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa kadhaa na kurudishwa kazini. Chupa ya punje iliyoachwa wazi kabatini hushiba yenyewe hata kabla hujaitumia. Na kuliko mfuko wa plastiki uliofungwa bila silika, afadhali bahasha ya kawaida ya karatasi, kwa sababu plastiki huufungia ndani unyevu ulioukuta.

7. Kadi iende na shahidi wake

Hili ndilo somo lililonichukua muda mrefu zaidi, na ningependa wapangaji wa wizara na wafadhili walisome kwa utulivu.

Maabara ikipokea kadi huona jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kutoboa. Haioni kwamba kadi ilikaa siku sita kwenye unyevu wa bonde kisha siku moja kwenye dashibodi. Kwa VVU jambo hilo limevumilika. Kwa metaboliti, namba bila historia ya hifadhi ni namba nusu. Watafiti wa nje wanaorudi kupima kadi za zamani hulijua hili: hawamlinganishi mtoto mgonjwa wa miaka 10 iliyopita na mtoto mzima wa jana. Humlinganisha na watoto wazima ambao kadi zao zimelala miaka ileile, kwenye chumba kilekile.

Sisi tunaweza kufanya jambo dogo kuliko hilo na la bei nafuu. Pamoja na kila fungu la kadi za watoto iende kadi moja ya shahidi, yaani damu ya mtu mzima iliyopimwa na kujulikana kiasi chake, iliyotayarishwa na maabara, ikagawiwa vituoni na kukaa droo moja na kadi za watoto, ikasafiri nazo kwenye bahasha ileile. Maabara ianze kuisoma hiyo. Karnitini isiyo na mzigo ikiwa imepanda kwa shahidi, kila jibu la karnitini katika fungu lile litiliwe shaka. G6PD ya shahidi ikiwa imekufa, asiambiwe mama yeyote kwamba mwanawe hana G6PD mpaka damu mbichi ipimwe. Hapo kosa la droo litabaki kuwa la droo, wala halitaandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.

Na kwenye fomu yetu iongezwe mistari mitatu: saa kadi ilipoanza kukauka, saa ilipofungwa, na rangi ya mduara wa 30 siku ya kuondoka. Kuijaza hakuchukui dakika moja.

8. Mama ana haki ya kujua inalala wapi

Kliniki moja ya Mikumi, nilipokuwa nakusanya kadi, mama kijana aliniuliza, "Hiyo karatasi ya damu ya mwanangu mkishaipima mnaiweka wapi?" Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya maumivu na ya majibu, hilo sikulitegemea. Nikamweleza nilichokijua: sehemu hupimwa, iliyobaki huhifadhiwa, na haitumiki kwa jambo lingine bila idhini.

Baadaye nikasoma kwamba jimbo la Texas lilishtakiwa na wazazi mwaka 2009 kwa kuhifadhi kadi za watoto na kuziruhusu zitumike kwa utafiti bila kuwauliza, na kesi ikaisha kwa kukubali kuziteketeza kadi zaidi ya milioni 5. Hasara ile ya sayansi ilitokana na swali kama la yule mama wa Mikumi kutoulizwa mapema na waliozihifadhi kadi. Sisi bado tunajenga, kwa hiyo tuulize sasa, kwa Kiswahili, kabla ya kutoboa, na jibu la mama tuliandike.

Yule mtoto wa masika ya mafuriko alipimwa mara ya pili, kadi ikakauka usiku kucha juu ya madaftari mawili ya rejesta, ikaenda na silika yake, na jibu likarudi likiwa salama. Mama yake alilipokea mwenyewe dirishani kwetu, akauliza kama sasa imekwisha. Nikamjibu imekwisha.

Wewe uliye zamu leo, Kimamba, Rudewa, Ulaya, Kidodi au popote kadi hizi zinapokusanywa, ukimaliza kusoma hapa nenda kafungue droo yako. Tia humo kadi ya unyevu, uiache mpaka asubuhi, kisha uusome mduara wa 30. Ukiukuta waridi, usitume kadi ya mtoto yeyote kutoka droo hiyo mpaka uwe umepata silika.